Sketi 150 za shule kabla ya Januari: mnagawaje kazi kwa siku?

mshona_majengo
Wakuu, salaam. Niko Moshi, nina cherehani mbili (moja ya umeme, moja ya miguu) na msaidizi mmoja. Nimepokea oda ya sketi 150 za marinda, tetroni ya bluu, shule ya msingi. Nina siku 25 za kazi, Jumapili na sikukuu nimeshazitoa. Nigawe vipi ili mwendo uwe mmoja mpaka mwisho, nisilegee mwanzoni halafu nikeshe wiki ya mwisho?

ovaloki_tz
Dada, usigawe 150 kwa 25. Utapata 6 kwa siku, na umeme ukikatika au ukitokea msiba huna pa kufidia. Panga 8. Unamaliza siku ya 19, siku 6 zinabaki akiba.

Kwanza pima kama 8 zinawezekana. Shona moja kamili huku simu ikihesabu. Ikichukua dakika 50 baada ya kukatwa, nane ni saa 6 na dakika 40, na muda wa kukata za kesho upo. Ikifika saa moja na robo, nane ni saa 10 nzima, peke yako hutaweza. Hapo msaidizi achukue ovaloki (kufunga kingo zisichomoke nyuzi), pindo na vifungo.

Nane zikitimia saa tisa alasiri, simama. Kata za kesho, panga uzi, funga. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: siku ya kwanza wanatoa 14, kesho yake mgongo unauma na zipu zinakaa upande. Kufumua zipu na kuirudia kunakula muda kuliko kushona mpya.

fundi_kiboriloni
Naunga mkono, ila usishone moja moja, wala usipeleke zote 150 hatua kwa hatua. Funga mafungu ya 8 ya saizi moja: unganisha vipande, piga pindo, kunja marinda na kuyapiga pasi, kisha zipu, mwisho ukanda wa kiuno. Pindo litangulie marinda, ukishakunja ni taabu kulipiga. Kwa mafungu mkono unazoea hatua moja, na kipimo cha kiuno kikikosewa hasara inaishia kwenye 8. Kabla ya yote, sketi ya mfano ikubaliwe na shule.

Kitambaa nunua chote kwa mkupuo. Bluu ya jora moja na ya jora jingine hutofautiana, kwa hiyo andika namba ya jora kwa chaki upande wa ndani. Kwa mkasi wa mkono usizidishe tabaka 6. Tetroni inateleza, na kipande cha chini kinatoka na kipimo tofauti.

mshona_majengo
Asanteni sana. Na wateja wa vitenge vya Krismasi na kipaimara? Desemba watu wakirudi nyumbani mlango haufungwi.

ovaloki_tz
Wape saa yao: kuanzia saa kumi jioni, fungu la siku likishaisha. Ubandike mlangoni. Akija asubuhi, msaidizi apokee kitambaa na kuandika jina, vipimo vichukuliwe jioni. Na msaidizi akitaka kwenda kwao Rombo au Machame, tarehe ijulikane sasa, muihesabu kwenye zile siku 6.

sindano14
Wenzangu wamesahau mashine. Tetroni ya kawaida inataka sindano namba 14. Ibadilishe kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Ikiwa butu mishono inaruka na kitambaa kinavutika nyuzi. Asubuhi jaza bobini 6 kabla ya kukaa. Jioni futa vumbi la nyuzi chini ya meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa, tia mafuta tone moja kila tundu la mafuta, kisha shonea kitambaa chakavu mpaka mafuta yaishe, vinginevyo fungu la kesho linaanza na madoa.

Umeme ukiwepo, wahi pasi ya marinda. Ukikatika, hamia cherehani ya miguu uendelee na zipu na viuno.