Nimeambiwa nifute picha ya ndege niliyopiga mwenyewe. Kalenda iko kwa mchapaji, naomba ushauri

Mpenda_Pangaboi
Wakuu, salamu. Mimi ni mtu wa Voi, mwaka wa tisa huu naishi karibu na Wolverhampton, Uingereza. Mapenzi yangu ni kupiga picha ndege za kijeshi za zamani. Kiangazi nafuata maonyesho, Duxford na kwingineko, nasimama uwanjani tangu asubuhi na chupa ya chai. Baridi ikiingia nahamia makumbusho. Picha naziweka kwenye ukurasa wangu, na watu wengi wa nyumbani wameanza kuzifuata.

Mwaka huu nimetengeneza kalenda ya ukutani, ndege kumi na mbili. Sasa kuna mtu ameiona picha ya jalada, anataka niifute kila mahali. Ni mtu ninayemheshimu. Swali langu: kuna mwenye haki ya kunizuia kuonyesha picha niliyopiga kwa mkono wangu? Mchapaji anataka jibu na mimi silali.

Fundi Kisimani
Mkuu, kabla ya ushauri nisaidie kitu. Mimi nikipiga ndege ya pangaboi, mapanga yanaganda hewani kama ya mdoli wa plastiki. Unaweka kasi ya shata ngapi?

Mpenda_Pangaboi
Punguza. Ukiwa 1/2000 ya sekunde ndege inaonekana imezima injini na inaanguka. Mimi nakaa kati ya 1/160 na 1/250, naifuata kwa kiuno kizima, si kwa mikono peke yake. Katika picha ishirini utapata mbili safi. Hiyo ya jalada pangaboi zote nne zinazunguka, utaipenda.

Karani wa Mahakama
Aliyebofya ndiye mwenye picha, hapo uko salama. Lakini makumbusho mengi yanakuruhusu kupiga picha za kwako binafsi, ukitaka kuuza wanataka uombe kibali. Umeomba?

Mama Rehema
Mwanangu, unazunguka mbuyu. Huyo mtu ni nani, na hiyo ndege ni ipi? Mtu mzima hakosi usingizi kwa sababu ya shata.

Mpenda_Pangaboi
Shikamoo mama. Haya. Ni nyanyake mke wangu, yuko Nyeri. Mke wangu aliituma picha kwenye kundi la familia kwa furaha tu, mama mkwe akamwonyesha kwenye simu. Anasema nyanya aliishika simu muda mrefu, akaweka kidole juu ya kioo, akasema, "Ilipita hapo hapo." Halafu akairudisha na hakula siku ile.

Ndege ni Avro Lincoln. Kibali nimeandika barua, sijajibiwa.

Mweiga Juu
Umesema Lincoln na Nyeri kama mtu anayesema chumvi na sukari. Wacha niwaeleze wenzetu wasiojua.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1953 Waingereza wakaleta Lincoln, zikawa zinaruka kutoka Eastleigh, Nairobi, pale palipo kambi ya Moi leo, zinakwenda kumwaga mabomu ya pauni 500 na 1,000 kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, wakiwatafuta Mau Mau. Ziliendelea mpaka 1955. Msitu haukuwa na wapiganaji peke yao. Tembo na nyati walijeruhiwa, wakatoka wakiwa wakali kwa watu. Na pembezoni mwa msitu kulikuwa na kina mama na wasichana waliokusanywa kwa nguvu kuchimba handaki, ili chakula kisiingie ndani.

Nyanya yenu ana umri gani?

Mpenda_Pangaboi
Alikuwa na miaka 12 mwaka 1954. Na ndiyo, alichimba. Mama mkwe anasema walikuwa wakizisikia kwanza kwenye jembe, mpini unatetema, ndipo mlio unafika.

Lakini wakuu nielewekeni. Mimi siisifu vita. Lincoln ni mdogo wake Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili, injini nne za Merlin, iliruka mara ya kwanza Juni 1944, na zilizosalia duniani ni chache mno. Ndege haikuchagua ilikotumwa. Halafu nimeshatoa arubuni ya nakala 200, na watu 60 wamelipa. Na nilimpigia nyanya simu kumpa pole. Mlitaka nifanye nini zaidi?

Msukuma wa Kirumba
Mimi nina la kwangu. Mwaka 1979 nilikuwa darasa la tatu Mwanza, vita vya Kagera. Ndege ya Walibya, Tupolev 22, ilikuja kumsaidia Amin ikadondosha mabomu. Ilikusudia mji, ikakosa, wakafa swala kisiwani Saanane. Kwetu hakufa mtu. Ila mama alitulaza chini ya kitanda na kutufunika godoro, na nakumbuka harufu ya lile godoro kuliko mlio wenyewe.

Ndege ya aina ile ipo makumbusho ya Monino, nje ya Moscow. Siku nikifika nitaipiga picha, mbele na nyuma. Nataka kuiona. Kwa hiyo mimi sikubaliani na kufuta. Ifutwe halafu wajukuu wajue nini?

Binti Ujiji, Ohio
Naungana na Msukuma. Huku Dayton kuna makumbusho ya jeshi la anga la Marekani, kiingilio bure, na Bockscar iliyodondosha bomu la Nagasaki ipo pale. Watu wanapiga picha kila siku. Ila jambo kubwa ni maandishi yanayokwenda na picha. Mwaka 1995 makumbusho ya Smithsonian ilipotaka kuonyesha Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la Hiroshima, pamoja na habari za waliokufa huko, ugomvi ulikuwa mkubwa hadi maonyesho yaliyopangwa yakafutwa. Chini ya Lincoln umeandika nini?

Mpenda_Pangaboi
"Malkia wa anga."

Mama Rehema
Ya Rabbi.

Jicho la Hanga
Samahani wakuu, hii ni chai. Nimeisoma mara mbili.

Moja: hakuna Lincoln inayoruka popote duniani. Iliyo karibu naye ni ya makumbusho ya Cosford, namba RF398, imeegeshwa ndani ya ukumbi, na nyingine zimesimama Argentina. Huyu anasema pangaboi nne zinazunguka. Nani aliziwasha humo ukumbini? Mbili: kama picha ni ya ukumbini, bibi aliweka kidole wapi akasema "hapo hapo"? Juu ya sakafu ya Cosford? Kama hii picha ipo, iwekwe hapa.

Fundi Kisimani
Dah. Nami nilishakariri shata.

Karani wa Mahakama
Mleta uzi, hoja zote mbili zinahitaji jibu.

Mpenda_Pangaboi
Si chai. Nimekaa saa nzima nikiandika na kufuta.

Ndege niliipiga Cosford, imesimama. Nikaikata kwenye kompyuta, nikazungusha pangaboi, nikakunja magurudumu, nikaiweka juu ya Mlima Kenya. Mlima niliupiga mimi pia, tulipokwenda kumtambulisha mtoto, nikiwa nimesimama kwenye shamba la nyanya. Ule mti wa kushoto ni mparachichi wake. Nilidhani Wakenya wa huku wataguswa wakiona mlima.

Nilikuwa najua Lincoln zilikuwa Kenya. Nilisoma kwenye kibao pale ukumbini. Sikujua kuhusu handaki.

Mweiga Juu
Kwa hiyo umemrudishia ile ndege juu ya shamba lake.

Jicho la Hanga
Naondoa neno chai. Nilidhani umetunga. Sasa naona afadhali ungekuwa umetunga.

Binti Ujiji, Ohio
Toa hilo jalada leo. Simo tena kwenye hoja yangu ya Bockscar. Bockscar imesimama chini, na kibao kinasema ilifanya nini. Hii yako ni kitu kingine.

Fundi Kisimani
Si uweke Harvard, ile ndege ndogo ya mafunzo, badala yake? Hizo zinaruka kila maonyesho, na mlio wake watu wanaupenda.

Mweiga Juu
Harvard ndizo zilizokuwa hapa kwetu, ndugu, na mabomu madogo ya pauni 20. Weka Spitfire, weka chochote, ila Harvard na mlima usiviweke ukurasa mmoja.

Mama Rehema
Na wale 60 waliolipa uwaambie ukweli. Hakuna atakayekudai.

Mpenda_Pangaboi
Nimempigia mchapaji, jalada halijaingia mashineni, nina mpaka Ijumaa adhuhuri. Picha nimeitoa kwenye ukurasa.

Kwa nyanya nimepiga tena, safari hii nikamweleza kwamba ile picha niliitengeneza, kwamba ndege yenyewe haijaruka miaka mingi na iko ndani ya nyumba, watoto wa shule wanapita chini ya mbawa zake. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama ninayo picha yake ikiwa chini. Anataka kuona magurudumu yakigusa sakafu.

Ninazo nyingi. Natafuta ile inayoonyesha vigingi vilivyowekwa mbele ya matairi.