Tupeane uzoefu: fanicha kubwa za kale tulizorithi, mbona hazina mnunuzi tena?

Binti wa Mwisho
Wakuu habari zenu. Juzi dalali wa mnada kaja kuangalia vitu vya marehemu baba. Saa ndogo ya mezani akaandika, vijiko vya fedha akaandika, hata kapicha ka ukutani ambako sisi wote tulikaona takataka akaandika. Kufika kwenye meza ya kulia, ile ya mahogani ya watu kumi na wawili, akaweka kiganja juu yake kama anampa mtu pole, akasema "hii sichukui dada, itanijazia stoo tu". Jamani nilihisi kama kamtukana baba. Karatasi ya bima ninayo hapa, baba aliikatia bima kwa pesa ambayo ukiniambia leo ni ya gari nitaamini. Sasa mtu wa kuichukua hata bure hayupo. Nyumba lazima tuiachie. Waliopitia haya, yenu yaliishaje?

kaka_wa_nne
Umenikumbusha kabati letu la vyombo. Tulilitangaza kwa bei, tukalitangaza kwa nusu bei, tukalitangaza bure, kila anayekuja anapima kwa macho anasema atarudi. Pole sana.

Mzee wa Randa
Pole binti. Mimi ni seremala, randa nimeshika zaidi ya miaka thelathini, kazi yangu kubwa ni kutengeneza vitu vya zamani. Kwanza iweke pembeni hiyo karatasi ya bima. Bima huandika gharama ya kukutafutia nyingine kama hiyo ikiungua, tena kwa bei ya dukani. Bei ya mtu aliyesimama mnadani na mkono mfukoni ni kitu kingine kabisa. Nimeona ndugu wakikosana kwa ajili ya karatasi hizo, kila mmoja anadhani mwenzake anamficha hela.
Pili, usikubali mtu akuambie meza ni mbovu kwa sababu haiuziki. Chomoa droo yoyote ya kitu cha zamani utazame kwenye kona, utaona viungo vilivyokatwa kama mkia wa njiwa, vimeumana bila msumari hata mmoja. Ukiona mikia haijalingana sawasawa, mmoja mnene mwingine mwembamba, ujue ni mkono wa mtu uliokata na si mashine. Kazi hiyo leo ukiagiza upya utalia.

Nyundo ya Tatu
Nimefanya kazi minadani miaka mingi nieleze kidogo. Wauzaji wa Uingereza na Marekani wanaziita "fanicha za kahawia", yaani mahogani, mwaloni, walnati, vile vitu vizito vyenye polishi nyeusi nyeusi. Hadi miaka ya 1990 zilikuwa na bei nzuri tu, watu walinunua kama wanavyonunua kiwanja. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaanza kuteremka na hazijasimama vizuri mpaka leo. Zilizoumia zaidi ni zile za katikati, yaani nzuri za kawaida za karne ya 19, kwa sababu wakati huo viwanda vilishapata mashine na zikatengenezwa nyingi mno. Sasa kizazi kilichozinunua kinazeeka kwa pamoja, kinahamia nyumba ndogo kwa pamoja, kinafariki, watoto wanaleta mnadani vitu vilevile wiki ileile. Mnunuzi anachagua kati ya meza sita kama ya baba yako. Na huyo mnunuzi mwenyewe anaishi ghorofani, amepanga, kila miaka miwili anahama, anakula mbele ya kompyuta. Chumba cha kulia hana.
Kuna na lingine watu wanalisahau, TV. Miaka ya 90 makabati makubwa ya nguo yalinunuliwa sana ili TV ya mgongo ifichwe humo, wengine wakayatoboa nyuma kupitisha waya. Ilipokuja TV bapa ya kutundika ukutani, soko lile likafa.

pembe nne
Na IKEA, lile duka kubwa la fanicha la Kiswidi, usiiache. Mwaka 1996 walitoa tangazo Uingereza la kuwaambia watu kabisa watupe vitambaa vyao vya maua na mambo ya kizamani. Kizazi kizima kikaambiwa kitu cha bibi ni aibu, kikaambilika.

Mkusanyaji
Mnazidisha bwana. Kabati la Badminton liliuzwa London mwaka 2004 kwa pauni zaidi ya milioni 19, na ni kabati refu kuliko dari za nyumba zenu. Mambo ya kale hayajashuka, yenu ndiyo hayana ubora.

Nyundo ya Tatu
@Mkusanyaji hilo lilitengenezwa Florence kwa ajili ya mwungwana mkubwa wa Kiingereza, mwenye cheo cha duke, limejaa mawe ya rangi, na aliyelinunua aliliweka kwenye jumba la makumbusho Vienna. Unamlinganishaje na dada mwenye meza ya baba yake? Vya juu kabisa bado vinapanda, nakubali. Sisi tunaongelea vya watu.

Mkusanyaji
Ya kwetu ni Chippendale, nimepewa ofa nikakataa.

Mzee wa Randa
Kijana, Thomas Chippendale, fundi wa fanicha wa Uingereza, alichapisha kitabu cha michoro mwaka 1754, na mafundi wa kila mahali wakanakili kutoka mle, na wamenakili miaka zaidi ya mia mbili. Neno Chippendale kwenye tangazo mara nyingi linamaanisha mtindo. Kama huna risiti ya karakana yake au rekodi ya nyumba iliyoagiza, hiyo ofa ilikuwa nzuri, mtafute aliyeitoa.

Mama Pacha
Nimesoma hapa nimeshindwa kunyamaza, naombeni mnivumilie ni ndefu.
Mama alianguka kwenye ngazi, daktari akasema asiishi tena nyumba ya ghorofa, tukamtafutia pa chini na nyumba ikauzwa. Chumbani kwake juu kulikuwa na kabati la nguo la milango mitatu, wa katikati una kioo, juu lina taji limechongwa majani, sisi wote tumezaliwa tukalikuta pale. Hakuna aliyelitaka, wauza vitu vya kale watatu walikuja wakakataa, wa mwisho hata kupanda ngazi hakupanda, aliuliza urefu akiwa mlangoni akasema asante mama. Funguo za nyumba tulitakiwa kukabidhi Ijumaa saa kumi jioni. Ijumaa hiyo saa sita mchana kabati ndo linatolewa, wabebaji wanne, likafika mlangoni halipiti, wakalilaza halipiti, tukang'oa mlango na fremu yake likapita, likafika kona ya ngazi likakwama kabisa, taji likachimba plasta ya ukuta wa mwenye nyumba mpya. Dirisha ni dogo. Saa nane na nusu kaka yangu akasema likatwe. Mimi ndiye niliyesema sawa. Nataka mlijue hilo, mimi ndiye niliyesema sawa.
Msumeno wa umeme ukaletwa. Mama alikuwa chini sebuleni amekaa kwenye kiti kilichobaki, mkoba kaupakata, ameshavaa koti. Msumeno ulipoanza akauliza kwa sauti "mnakata nini huko?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Nje lile kabati lilikuwa jeusi kwa polishi ya miaka mingi, ila ndani lilipofunguka mbao ilikuwa nyekundu mbichi kabisa, na harufu ikatoka kama mti umeangushwa asubuhi ileile. Wabebaji wenyewe waliacha kuongea. Tukaliteremsha vipande vinne, mama akaviona vinapita mbele yake kimoja kimoja.
Wiki iliyofuata akaja fundi mmoja kuchukua zile mbao. Akageuza lile taji, akakaa kimya, akaniita. Akanionyesha chini yake mashimo na vigingi vya mbao. Pembeni ya kila kiungo kulikuwa na alama zimekatwa kwa patasi, mstari mmoja, miwili, mitatu, na upande wa pili alama zilezile za kulingana nazo. Akasema "mama, hili lilikuwa linafunguka. Taji linanyanyuliwa tu, milango inatoka, hivi vigingi vinagongwa kwa nyundo ya mbao, nusu saa lingekuwa mbao bapa zinapita popote."
Nilimwambia mama mwezi mmoja baadaye. Akasema "ndiyo, baba yenu alilileta vipande vipande, mimi ndo nilimshikia taa akilifunga." Alikuwa chini pale muda wote. Hatukumuuliza.

kaka_wa_nne
Daah.

tumaini la kesho
Mama Pacha pole. Nimesoma mara mbili.

Mtazamaji
Samahani ila hili ni kosa la uzembe, watu wazima sita ndani ya nyumba hakuna hata mmoja aliyechungulia kwa juu?

tumaini la kesho
@Mtazamaji mtu kaeleza la moyoni na jukumu kalibeba mwenyewe, wewe unataka nini zaidi? Hebu muache.

Mtazamaji
Nimesema ili wengine wasirudie. Sijamtukana mtu.

Mzee wa Randa
Mama Pacha usijitese, nimeona na wabebaji wa kulipwa wakifanya hivyohivyo. Kwa wengine naandika hapa: kabati kubwa la zamani karibu kila mara linafunguka, kwa sababu hata waliolitengeneza walikuwa na ngazi na milango. Panda juu na tochi uangalie kama taji limekaa tu kwa uzito wake. Angalia kama sehemu ya chini yenye droo imeachana na ya juu. Angalia ndani kwenye kona, skrubu au vigingi. Usilazimishe kwa chuma, gundi ya zamani ni ya kuchemsha, ya ngozi na mifupa ya wanyama, inalainika kwa joto na maji, unaipa muda inaachia.

Rangi Mpya
Mimi langu niliokoa kwa rangi. Kabati la vyombo la bibi nililipiga msasa nikalipaka jeupe la kufifia, nikabadilisha vishikio, likauzwa siku mbili tu. Kama meza haiendi jaribu hivyo dada.

Mzee wa Randa
Hapana. Ukishapiga msasa umeondoa ngozi yake, kama juu ni vinia ya zamani, yaani ubao mwembamba sana uliobandikwa, unaweza kutoboa hadi mbao ya ndani kabla hujashtuka, na hiyo hairudi.

Rangi Mpya
Mzee nakuheshimu ila la kwangu lipo sebuleni kwa mtu linatumika kila siku. Hayo mnayoyalinda kwa polishi yapo stoo yanaliwa na wadudu. Kipi bora?

Mzee wa Randa
Hapo umenishika. Lenye thamani usiguse, la kawaida ambalo njia yake nyingine ni moto, basi paka. Lakini muonyeshe fundi kwanza.

pembe nne
Kuhusu wadudu: ukiona vitundu vidogo vya duara na unga mbichi mweupe chini yake, wako kazini. Tundu jeusi lisilo na unga mara nyingi ni la zamani. Usiingize kitu chenye unga ndani ya nyumba hata ukipewa bure.

mhamaji
Nami niongeze, wanaofikiria kuuza nje ya nchi waangalie sheria. Ndugu yangu alikuwa na dawati lina vipande vya pembe za ndovu kwenye vishikio, akakuta Uingereza tangu Juni 2022 sheria ya pembe inafanya kazi na kuna msamaha wa aina chache tu. Na mbao ya rozwudi ya Brazil iko kwenye orodha kali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, bila vibali mzigo unakaa bandarini.

Nyundo ya Tatu
Sahihi. Na dada, ukipeleka mnadani uliza mapema kamisheni, usafiri, na gharama ya stoo ikikosa mnunuzi. Nimeona mtu anauza meza halafu ndiye anayebaki na deni.

kaka_wa_nne
Ikatwe iwe meza mbili, kila mtoto moja 😄

Mama Pacha
Kaka yangu, usiseme hivyo hata kwa utani.

kaka_wa_nne
Nisamehe mama. Nafuta kauli.

Mzee wa Randa
Binti wa Mwisho, hiyo meza ina mistari inayokata juu yake kwa upana? Na kwenye ncha moja, chini ya ukingo, kuna kitundu cha chuma?

Binti wa Mwisho
Nimelala chini yake na tochi mzee. Mistari ipo minne. Kitundu kipo!

Mzee wa Randa
Basi hiyo ni ya kuvutika. Mbao za katikati zinatoka, halafu unaikaza kwa mpini kama wa jeki mpaka ncha zikutane. Mpini utafute kwenye droo za kabati la vyombo, huwa hauendi mbali.

Binti wa Mwisho
Mpini ulikuwa droo ya chini kabisa, umeviringishwa kwenye kitambaa kimefungwa kamba, ni fundo la baba lile, nalijua. Tumezungusha na binti yangu, mwanzo ikagoma kisha ikaanza kulia taratibu inajivuta yenyewe. Imebaki ya watu sita, na mbao tatu za katikati zimesimama ukutani. Binti yangu anasema kwake itaingia, anaitaka. Ila mlango wake una sentimita 76 na meza upana wake ni 120. Mzee, hii miguu inatoka?

Mzee wa Randa
Mingi ya aina hiyo inazungushwa kushoto, ina skrubu ya mbao au ya chuma kwa juu. Igeuzeni watu wanne juu ya blanketi, msiiburute kwa miguu. Ukiona imeshika, acha, niandikie. Na kabla hujatoa wa kwanza, kila mguu na kona yake viandikie namba ileile kwa chaki.