Figo iliyopandikizwa: kwa nini inaumia damu inaporudi?

MuuguziChake
Assalaam alaykum wanajukwaa. Wagonjwa wetu wa Pemba wanapandikizwa figo Dar au India, wakirudi tunawafuatilia sisi. Wapo ambao figo ilikawia kuanza kazi, wakaendelea kusafishwa damu wiki ya mwanzo, na ripoti inataja jeraha la kurudi kwa damu. Oksijeni ndiyo uhai wa seli. Vipi tena iumize? Na linazuiwaje?

Usingizi_Unguja
Waalaykum salaam. Jeraha linaandaliwa kabla damu haijarudi. Figo ikikatiwa damu, nishati ya seli inakwisha, pampu za sodiamu zinasimama, maji yanaingia na seli inavimba. Kalsiamu inajaa, na suksineti, kemikali ya kuni za seli, inarundikana ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Oksijeni ikirudi, suksineti yote ile inachomwa kwa mpigo, elektroni zinarudi kinyume, na radikali huru, molekuli kali zinazoharibu seli, zinamwagika katika dakika za mwanzo. Chembe nyeupe za damu hufuata na kuendeleza uvimbe kwa saa na siku.

Upande wetu wa usingizi, kabla vibanio vya mishipa havijaachiwa mgonjwa awe na maji ya kutosha na presha ya juu isipungue 120. Presha ikianguka hapo, figo inaumia mara ya pili. Dripu iliyosawazishwa, yaani yenye chumvi zinazokaribiana na za damu, ni bora kuliko salaini (maji ya chumvi) ya 0.9%: utafiti wa BEST-Fluids wa Australia na New Zealand, 2023, ulionesha figo zilizotoka kwa marehemu zilikawia mara nyingi zaidi kwa salaini. Manitoli, dawa ya kuongeza mkojo, gramu 12.5 hadi 25 hutolewa na wengi. Ikizidi nayo inaumiza figo. Dopamini (dawa ya presha na moyo) ya dozi ndogo kwa mpokeaji sioni sababu ya kuitumia.

MshonoWaMishipa
Naongeza la mezani, maana hapo ndipo muda unapopotea. Figo huoshwa kwa maji baridi ya kuhifadhia mpaka yanayotoka kwenye vena yawe hayana damu. Aina moja ya maji hayo, UW, ina potasiamu nyingi, kama 125 mmol kwa lita, pamoja na rafinosi (aina ya sukari) ya kuzuia uvimbe na alopurinoli dhidi ya radikali. Aina nyingine, HTK, ina potasiamu kidogo, ni nyepesi, hupita upesi. Joto liwe karibu nyuzi 4. Barafu ngumu ya friza isiguse nyama ya figo, itaigandisha. Tumia salaini tasa iliyogandishwa nusu, figo ikiwa ndani ya mfuko au chachi.

Wakati wa kushona figo inapata joto huku haina damu. Izungushie chachi yenye barafu laini, iloweshe tena kila mara. Kwa kawaida vena hushonwa kwanza, kisha ateri, na kuachia ni hivyo hivyo: vena, halafu ateri. Mishono yote miwili ikipita dakika 45, tegemea figo kukawia.

MuuguziChake
Ahsanteni sana. Na mkojo ukipungua ghafla baada ya upasuaji, tuseme ni jeraha hili?

MshonoWaMishipa
Hapana, usianzie hapo. Kwanza suuza katheta kwa upole, huenda damu iliyoganda imeziba. Kisha angalia presha na maji mwilini, halafu ultrasaundi ya Dopla, inayoonesha damu ikipita, ya ateri na vena, siku hiyo hiyo. Ateri ikiziba, figo hufa ndani ya muda mfupi mno, kwa hiyo Dopla isingoje asubuhi. Kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo, nacho kipimwe: kikizidi, chenyewe hubana mishipa ya figo.