Mrejesho: fundo la mishipa ya damu ubongoni mwa mdogo wangu

Ndugu zangu, mwaka jana niliwaomba ushauri baada ya mdogo wangu kuanguka kwa degedege akiwa kazini, na picha ya MRI kuonyesha fundo la mishipa ambamo ateri (mishipa ya kutoa damu moyoni) humwaga damu moja kwa moja kwenye vena (mishipa ya kuirudisha moyoni) bila kupitia kapilari, vimishipa vyembamba vya katikati. Nawashukuru sana nyote mliojibu.

Tulifuata kwanza ushauri wa kutoamua lolote kabla ya anjiografia, yaani picha ya mishipa ya damu yenyewe, nayo ilionyesha fundo la sentimita 2 upande wa mbele kulia, mbali na sehemu za usemi na mwendo, hivyo likawekwa daraja la 1 katika mizani ya Spetzler-Martin, inayopima hatari ya kulipasua fundo na ambayo mwisho wake ni 5. Tiba ya mionzi tuliiacha, kwa kuwa huchukua miaka 2 hadi 3 kuziba mishipa na muda wote huo hatari ya kuvuja damu hubaki palepale.

Gundi iliyopitishwa kwa katheta (mrija mwembamba) kutoka kinenani iliziba sehemu tu, kama baadhi yenu mlivyotuonya, kwa hiyo siku chache baadaye alifanyiwa upasuaji. Anjiografia ya mwisho haikuonyesha fundo lolote.

Degedege, hata hivyo, halijaisha: limemrudia mara mbili, na bado anameza levetirasetamu, dawa ya kuzuia degedege, asubuhi na jioni. Kovu lake, lililopinda kama mundu juu ya sikio, sasa linafunikwa na nywele, na kazini amerudi, ila pikipiki tumemficha ufunguo.