Pete ya ukeni imechomoka usiku, nifanyeje?

Wadada, niko Marekani, natumia NuvaRing, ile pete ya kuzuia mimba, hii ni wiki ya pili toka niiweke, sasa jana tukiwa kwenye mambo yetu ikachomoka bila kujua, asubuhi naikuta kwenye shuka kama kibangili cha mtoto. Niirudishe au ndo basi?

— Pole shosti. Isuuze na maji ya baridi au vuguvugu, ya moto hapana, irudishe sasa hivi. Imezidi masaa 3 nje, so kondomu siku 7. Ingekuwa wiki ya 3 ungeitupa. Ya jana ikikutia wasiwasi muulize mfamasia.

— Mi naitoaga kabla, naiweka kwenye kikombe. Siku moja mume nusura anywee chai 😂

— Asanteni, nimeirudisha. Mzee atanuna wiki nzima.