Kuanza ukocha wa kikapu: shule, klabu ya ligi au timu ya mtaani?

Temeke_Namba7
Wakuu salaam. Nimecheza kikapu tangu sekondari, sasa goti limegoma na moyo wangu wote uko kwenye ukocha. Nimepata nafasi tatu. Shule moja ya sekondari inataka mtu wa kuiandaa timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wanatoa nauli. Klabu ya ligi ya mkoa imekubali niwe msaidizi wa kocha, bila malipo. Halafu kuna vijana wa mtaani kwetu, wana kiwanja cha simenti chenye rimu moja, wananiomba niwaanzishie timu. Mazoezi ya shule na ya klabu yanagongana. Ya mtaani naweza kuyapanga mwenyewe. Nataka kujifunza ukocha hasa, na baadaye niwe na timu yenye mashabiki wake. Mngeanzia wapi?

Mzee_wa_Upanga
Klabu. Ukikaa benchi utaona mambo ambayo mchezaji hana muda wa kuyaona: kocha anaomba mapumziko wakati gani, anamtoa nani akishafikisha faulo ya nne, anachagua kusema nini ndani ya dakika moja. Kocha Erik Spoelstra aliingia Miami Heat, timu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1995 kwenye chumba cha video. Timu alikabidhiwa 2008, akatwaa ubingwa wa NBA 2012 na 2013. Nenda na daftari, andika rebaundi (mipira inayodakwa baada ya mtu kukosa kikapu), mipira iliyopotezwa, na nani walikuwa uwanjani wapinzani walipofunga mfululizo. Kocha mkuu mwenyewe ataanza kukuuliza.

Mwalimu_Moro
Shikamoo mzee wangu, ila hapa natofautiana nawe. Msaidizi asiyepewa kazi maalumu anaishia kubeba maji. Shuleni timu ni yako tangu siku ya kwanza, na vijana warefu ambao hawajawahi kushika mpira wapo tele. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa kijana wa sekondari Dar, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua namba 2 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Ubaya wa shule ni kwamba kidato cha nne wakimaliza, nusu ya kikosi imeondoka.

Dada_Pivoti
Kaka, mimi nakushauri mtaani, maana umetaja mashabiki, na mashabiki ni majirani.

Rimu moja isikutishe. Kikapu cha watatu kwa watatu kinachezwa nusu uwanja: dakika 10, au timu ya kwanza kufikisha pointi 21. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 tafuta mpira namba 5, na ukiweza funga rimu nyingine kwenye mita 2.60. Rimu ya kawaida ni mita 3.05, mtoto wa miaka tisa akilazimishwa kuifikia kwa mpira namba 7, ule mkubwa, anarusha kwa nguvu za mgongo, na ukubwani kumrekebisha ni kazi. Mipira ikiwa mitatu na watoto ishirini, usipange foleni. Wenye mipira wadunde, wengine wafanye miguu ya ulinzi pembeni, kila baada ya dakika chache wabadilishane.

Sasa mashabiki. Kwanza pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ajue wewe ni nani. Kisha nenda nyumbani kwa kila mtoto, umsalimie mama yake, umwambie mazoezi yanaisha saa ngapi, na yaishe saa hiyo hiyo. Hiyo peke yake imeniletea watu kuliko tangazo lolote. Mechi iwe siku moja na saa moja kila wiki, tuseme Jumamosi saa kumi. Anza na wasichana, wavulana wafuate, ili familia za pande zote zikutane. Tafuta kijana mwenye sauti atangaze majina: “Kikapu cha Neema, mtoto wa Mama Neema wa genge la nyanya!” Mama Neema Jumamosi ijayo atafunga genge mapema.

Kwa wafadhili, usianze na barua ya kuomba hela. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwombe rangi ya kuchora mistari tu. Akishaiona rangi yake inachezewa, jezi mtazungumza.

Temeke_Namba7
Asante sana dada. Na cheti je? Bila cheti nitachukuliwa kweli?

Nairobi_Point
Cheti utahitaji ukipanda, kwa hivyo ulizia kozi za makocha kwenye shirikisho lenu, TBF. Lakini kozi inamfaa mtu ambaye tayari ana timu ya kuijaribu nayo. Kocha Liz Mills wa Australia alianza kazi yake Afrika na klabu ya Zambia. Februari 2021, kule Yaoundé, aliiongoza Kenya kuifunga Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74-73, na tukarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Hata sisi hatukuamini.

Temeke_Namba7
Basi naanza mtaani, shule nitawajibu leo wasinisubiri. Klabu nitawaomba niwaandikie takwimu siku za mechi tu.

Mzee_wa_Upanga
Sawa, mwanangu. Wakikubali, waambie unataka kukaa karibu na benchi, usiende jukwaani. Huko juu hutasikia kocha anavyoongea na aliyetoka kutolewa.