Mwaka Kogwa: kwa nini Julai na si Machi?

pwani_kusini: Wakuu, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, unahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Iran. Mbona ile ni Machi na huku ni Julai?

mwongo_wa_kwanza: Hesabu tu. Mwaka wa pwani una miongo 36 ya siku kumi kumi, jumla 360, halafu zinaongezwa 5. Hauna mwaka mrefu wa siku 366, kwa hiyo kila miaka 4 unatangulia kalenda ya kawaida kwa siku 1. Miaka 60, siku 15; kwa karne nyingi, miezi. Iran wameifunga yao na ikwinoksi ya Machi, yaani siku usiku na mchana vinapokaribia kulingana, haihami.

pwani_kusini: Kwa nini wasifuate Hijria, maana ni Waislamu?

bibi_shamba: Hijria ina siku 354 au 355, inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Utapandaje kwa hiyo? Mfungo na Idi hufuata mwezi, kilimo na safari za majahazi zikafuata Nairuzi ya pwani. Na kosa la siku 1 kwa miaka 4 mkulima halioni.

mwongo_wa_kwanza: Ila usiite sherehe nzima ya Kiajemi. Kupigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti ni mila zilizoshikiliwa na wenyeji.